Breki ya Lifti Ilikuwa Mkononi Mwangu

Nianze na nyinyi mlionitumia ujumbe wiki hii mkinitaka nisamehe. Nimewasoma wote. Mmoja ameniambia ninywe maji ya baridi na kuvuta pumzi ndefu. Mwingine ameniambia nimwachie Mungu. Asanteni sana. Maji nilikunywa, na Mungu nilimwachia. Hasira haikushuka hata chembe, na leo nitawaeleza ilinifikisha wapi.

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, mambo ni haya. Mimi ni fundi lifti, kazi niliyoota nayo mvi. Siku ile ya balaa mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tulikuwa tunahudumia lifti ya jengo refu la maofisi. Nilipanda hadi chumba cha mashine juu ya paa, nikazima swichi kuu, nikaitia kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni.

Hiyo ndiyo sheria yetu sisi mafundi lifti. Ukishatundika kufuli lako pale hakuna mwingine wa kuligusa, awe bosi, awe baba yake bosi, kwa sababu kufuli lile ni roho ya mtu aliye chini. Shemeji akaingia shimoni, chini kabisa ya lifti, kupaka grisi. Mimi nikatoka kufuata kipuri dukani.

Nikarudi nikakuta lifti inatembea na shemeji amebanwa chini yake.

Msimamizi wa jengo lile wapangaji wamempa jina la Sasa Hivi, maana kila anachokitaka anakitaka sasa hivi. Siku hiyo alikuwa na mgeni mkubwa asiyependa ngazi. Nilijua moyoni kwamba alilikata kufuli langu akawasha lifti. Lakini kufuli lenyewe halikuonekana, na yeye, mkavu wa macho, akaapa mbele ya mabosi wa kampuni yangu kwamba halikuwapo tangu mwanzo, fundi alisahau.

Nikafukuzwa kazi. Shemeji akabaki kitandani hospitali, miguu haina nguvu na neno halimtoki. Wiki iliyopita niliishia pale mke wangu alipowafungia watoto nguo zao akaenda kwa mama yake.

Haya, tuendelee.

Nilimfuata huko huko kwao. Mama mkwe alinikuta mlangoni na hakunikaribisha. Mama huyu alikuwa akiniita mwanangu kuliko wanawe wa kuwazaa. Nikiingia kwake, mtu aliyekalia kiti cha pembeni mwa dirisha ananyanyuka bila kuambiwa, maana kile ni cha mkwe. Siku hiyo alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, akanitazama kama mtu aliyekuja kuuza sabuni.

“Nilikupa mwanangu umfundishe kazi,” alisema. “Nilikukabidhi akiwa mzima.”

Nikamwambia, mama, kufuli nilitia. Akasema mbona kila mtu anasema hukutia. Nikamwambia huyo kila mtu ni mtu mmoja tu. Akanijibu kwamba huyo mtu mmoja amekwenda hospitali kumwona mgonjwa, amebeba matunda, amesema pole, mimi nimekwenda na midomo mitupu kujitetea. Maneno ya kukata maini hayo, na nilikuwa sijaketi.

Mke wangu akatokea nyuma yake. Macho yalikuwa yamevimba. Alimwomba mama yake atupishe, tukabaki wawili pale kizingitini, mimi nje, yeye ndani.

“Mimi nataka kukuamini, baba watoto,” aliniambia. “Naomba nikuamini. Halafu nikienda hospitali nikamwona mdogo wangu alivyolala, najiuliza jambo moja tu. Kama kufuli lilikuwapo, limekwenda wapi? Nijibu hilo, nafunga mizigo sasa tunaondoka pamoja.”

Ningemjibu nini? Nilisimama pale mdomo wazi, yeye akautazama ule mdomo, akasubiri, kisha akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Mjue basi nilikuwa nataka nini. Kazi potelea mbali, mikono yangu ningeipeleka kwingine. Nilitaka mwanamke yule aniamini. Tulianza maisha kwenye chumba kimoja tukikaa juu ya ndoo, akaniamini. Nilitaka aniamini tena, basi.

Na huko nje nako hawakuniacha nipumue. Nilikwenda kuomba kibarua kwa kampuni nyingine ya lifti. Yule bwana wa mapokezi aliponisikia jina alimwita mwenzake aje kunitazama, wakatazamana, mmoja akaniuliza kwa upole wa kinafiki kama mimi ndiye yule. Mtaani walishanipa cheo. Fundi Bila Kufuli. Kinyozi wangu wa miaka yote, ambaye anajua kila kovu la kichwa changu, alinyoa akanyoa, kisha akauliza kama kwangu nyumbani mlango huwa naufunga. Wateja wote wakaangua kicheko.

Nilicheka nao. Mnaniona? Nilicheka. Nikatoka pale nusu ya kichwa imenyolewa vizuri na nusu ilivyo, nikatembea hadi nyumbani nikipiga ngumi kila ukuta wa choo na wa banda niliokutana nao, mpaka vidole vikachubuka. Hasira ikikosa mwenyewe inakula ukuta.

Ndipo mlinzi wa lile jengo akanipigia simu. Huyu mlinzi tumefahamiana zamani, tulikuwa tukigawana chai pale getini kwake. Alisema sanduku langu la vifaa bado liko juu kwenye chumba cha mashine, na Sasa Hivi ametoa amri litupwe. Akaniambia nije asubuhi, mkubwa atakuwa na wageni ofisini kwake, hatakuwa na muda wa kuangalia nani anaingia. Nipande ngazi, nichukue changu, nishuke kimya kimya.

Nikaenda. Mlinzi alinifungulia mlango wa pembeni akageuka kutazama upande mwingine, kama mtu ambaye hajaona kitu. Nilipanda ngazi za jengo lile zote, magoti yakilalamika, kupita ghorofa ya juu kabisa iliyo na ofisi ya Sasa Hivi, mpaka kwenye mlango wa chuma wa paa. Niliingia, nikaufunga mlango kwa komeo kwa ndani ili asije mtu akanikuta.

Chumba cha mashine kilikuwa vile vile. Mota katikati, gurudumu lake jekundu pembeni, kamba za chuma zinashuka kwenye matundu ya sakafuni kwenda kushika kibanda cha lifti. Harufu ya grisi ilinipiga puani nikakaribia kulia. Nilianza kukusanya vifaa vyangu. Spana moja ilikuwa imeangukia nyuma ya kabati la umeme, nikapitisha mkono kati ya kabati na ukuta kuipapasa.

Mkono ukarudi na kufuli langu.

Limekatwa. Limekatwa kwa mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, sehemu ya mkato bado inang'aa, na alama ya rangi ya njano niliyolipaka mwenyewe bado ipo. Alilikata, likamponyoka likaangukia nyuma ya kabati, na kwa haraka zake hakuhangaika kulitafuta. Au alijua hakuna atakayepapasa kule.

Nilipiga magoti nikalibusu. Mtu mzima na mvi zangu nikabusu chuma. Lile swali la mke wangu, limekwenda wapi, jibu lake lilikuwa kiganjani mwangu. Nilichotakiwa kufanya ni kushuka ngazi, kwenda kwa mama mkwe, kulitia mkononi mwa mke wangu na kunyamaza.

Hicho tu. Kushuka ngazi. Mniulize kwa nini sikushuka.

Sikushuka kwa sababu nilisikia sauti yake. Shimo la lifti linapandisha sauti, ukikaa pale juu unasikia watu wanavyosengenyana wakidhani wako faragha. Milango ya chini ilifunguka na kujifunga, mashine ikaanza kuvuta, na katikati ya mngurumo ikaja sauti ya Sasa Hivi, laini, imejaa asali.

Alikuwa akisema kwamba mambo ni mepesi tu. Wakiuliza habari ya kufuli, tikisa kichwa, basi. Kutikisa kichwa hakuna shida. Yule fundi ni mzembe, kila mtu anajua, amewatia kwenye matatizo na sasa anataka kutia watu wengine matope. Mimi ndiye ninayewajali. Mimi ndiye nitakayewasaidia.

Hakujibiwa na mtu. Sauti ilikuwa moja tu, yake. Nikajua anaongea kwa simu, anamfundisha shahidi uongo.

Kama ningetuliza akili ningejiuliza, mtu aliye kwenye simu anatikisaje kichwa? Lakini akili ilikuwa imeshahama. Nilisikia neno mzembe, na mwili mzima ukawaka. Mke wangu, watoto wangu, miguu ya shemeji, kiti changu kwa mama mkwe, kile kicheko cha kwa kinyozi, vyote vilinijia kwa mara moja. Mkono wangu ukaenda kwenye swichi kuu ukaizima.

Mashine ikanyamaza. Kibanda kikakwama katikati ya ghorofa na ghorofa.

Haikupita muda simu ya ukutani ikalia. Ile simu imeungwa na kibanda, mtu akikwama anabonyeza kengele na inalia huku kwetu hata kama umeme hakuna. Nikainua.

“Nani huko juu?” Sasa Hivi aliuliza. “Washa lifti. Watu wananisubiri.”

“Kufuli langu ulilitupa wapi?” nikamuuliza.

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kumlainisha mpangaji anayelalamikia maji.

“Aa, fundi. Kumbe ni wewe. Washa basi, tukutane ofisini tuongee kama watu wazima.”

“Ninalo mkononi. Umelikata. Sema ulilikata.”

“Fundi, hapa si mahali pake.”

“Sema.”

“Siwezi kusema hayo hapa, nielewe. Simo peke yangu humu. Nimo na mkeo, na—”

Sikumsubiri amalize. Mke wangu? Mke wangu alikuwa kwa mama yake, kajifungia na machozi yake, kwa ajili ya mtu huyu huyu. Amenipokonya kazi, amemvunja shemeji yangu, amenivunjia nyumba, na sasa amebanwa anataka kujificha nyuma ya gauni la mke wangu. Niliibamiza ile simu ukutani mpaka mkono wa simu ukapasuka vipande viwili.

Uongo wake wote dunia iliumeza bila maji. Ukweli wake mmoja nikaukataa mimi.

Sasa niwafafanulie jambo, maana bila kulielewa hamtaelewa nilichofanya. Watu wengi wanadhani ukiachia breki ya lifti, kibanda kinadondoka. Hapana. Upande wa pili wa kamba kunaning'inia mzigo wa vyuma wa kukisawazisha. Sisi mafundi tunauita mke mwenza, kwa sababu yeye na kibanda hawakai ghorofa moja, huyu akipanda yule anashuka. Na mke mwenza ni mzito kuliko kibanda kitupu, mzito hata kuliko kibanda chenye mtu mmoja.

Maana yake, ukiachia breki na ndani kuna mtu mmoja, kibanda kinapanda. Kinapanda kwa kasi kama kimerushwa, mpaka kinaigonga dari ya zege. Dari hiyo ndiyo sakafu niliyokuwa nimesimama juu yake.

Nilitaka aigonge. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nilitaka afe, na kabla hajafa aone kitu kikubwa kinamjia na yeye hana pa kwenda, kama alivyoona shemeji. Kama mnataka kuacha kusoma, acheni hapa.

Nikachukua mkono wa breki. Ni chuma kirefu kama cha kupigia jeki ya gari, unakichomeka kwenye mota, ukikiinua breki inaachia. Kazi yake ni kuokoa watu waliokwama, unainua kidogo, unashusha, unainua kidogo tena, kwa adabu. Mimi sikuinua kwa adabu. Nilikiinua kwa mwili mzima, meno nimeyauma, natukana matusi ambayo mhariri hatayachapa.

Gurudumu jekundu likaanza kuzunguka.

Lina mishale miwili, mmoja wa juu, mmoja wa chini. Nilikuwa nimekazia macho ule wa juu. Gurudumu likazunguka upande wa chini.

Nilibaki nimeduwaa, chuma mkononi. Kibanda kilikuwa kinashuka. Na kibanda hakishuki mpaka kimzidi mke mwenza uzito, na mtu mmoja, hata awe mnene kama gunia, hawezi kumzidi. Mle ndani kulikuwa na watu. Watu kadhaa, na kitu kizito pamoja nao.

Kisha nikasikia mwanamke akipiga yowe, na yowe lile nilishalisikia mara mbili katika maisha yangu, wakati wa kuzaliwa kwa kila mmoja wa watoto wetu.

Nikakiachia chuma mara moja ili breki iume. Iliuma upande mmoja tu. Kwa nguvu zile za kishetani nilikuwa nimevunja pini ya upande wa pili, niliisikia ikilia sakafuni. Breki ya upande mmoja haimudu. Gurudumu likaendelea kuzunguka, polepole, halafu si polepole. Nikalirukia. Nikalikumbatia kwa mikono yote miwili, kifua kikalilalia, miguu nikaikita kwenye fremu ya mota, nikavuta kwa upande wa kinyume mpaka mifupa ya mabega ikaalika.

Likasimama.

Likasimama kwa sababu nililishika. Nilijaribu kulegeza kidogo, likataka kwenda. Nikaelewa. Breki iliyobaki na mikono yangu kwa pamoja ndivyo vilivyokishika kibanda kile. Nikiondoka pale hakuna kitu kingine cha kukishika.

Sauti zilipanda kupitia matundu ya kamba, karibu kabisa na uso wangu. Nilimsikia mke wangu akisema tulia mdogo wangu, tulia, imesimama. Nikasikia magurudumu ya kiti yakigonga ukuta wa kibanda, kile kiti kizito cha chuma cha hospitali. Na chini ya sauti yake nikasikia nyingine, si maneno, ni kama mtu anayejaribu kuita akiwa amefungwa kitambaa mdomoni. Shemeji.

Kumbe mabosi wa kampuni yangu walikuwa wamekaa ofisini kwa Sasa Hivi wakimsubiri mgonjwa, wamuulize kufuli lilikuwapo au halikuwapo, naye aitikie au akatae kwa kichwa. Mtu pekee duniani aliyejua ukweli wangu alikuwa anapelekwa kuusema. Na mimi ndiye niliyemning'iniza.

“Nani huko juu?” mke wangu aliita. “Tunaomba msaada, tuna mgonjwa humu.”

Ningeweza kunyamaza. Niliwaza hivyo, nikiri. Kisha nikasema ni mimi.

“Ni wewe?”

“Ni mimi, mama watoto. Sikujua mmo ndani. Wallahi sikujua.”

“Alikataa kupanda,” alisema, na sauti yake haikuwa ya kupigia kelele tena, ilikuwa ya kuchoka. “Tulipofika mlangoni alilia, akaung'ang'ania mkono wangu. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia haiwezi kutokea mara mbili.”

Jamani. Nimetukanwa na wengi katika mkasa huu, lakini hakuna tusi lililonifika kama maneno yale, na hakuwa ananitukana.

Sasa Hivi naye akapata nafasi yake. Nilimsikia akisema kwa upole kabisa, umeona sasa, mama? Si nilikwambia ni mtu wa namna gani? Nikamwambia mke wangu kwamba kufuli nimelipata, liko hapa, limekatwa. Hakujibu. Na kweli, ningekuwa mimi nimo mle, ningemjibu nini mtu anayenihubiria habari za kufuli huku amenitundika kwa kamba?

Kufuli lenyewe lilikuwa sakafuni karibu na mlango, pale nilipolidondosha. Nililiona. Sikuweza kulifikia.

Ndipo mlango wa chuma ukaanza kugongwa. Walishasikia mayowe huko ghorofa ya juu. Nikawapigia kelele kwamba siwezi kuja kufungua, nimeshika gurudumu. Wakadhani nimegoma. Wakapiga mabega, komeo likang'oka, wakaingia mabosi wangu wawili wa zamani na mlinzi nyuma yao anahema.

Hebu jiwekeni mahali pao. Mnamkuta mtu mliyemfukuza kazi kichwa nusu kimenyolewa, vidole vimechubuka, simu imepasuliwa, swichi imezimwa, na yeye amelikumbatia gurudumu la lifti iliyojaa watu. Mmoja wao alilipiga kufuli langu teke akipita, bila kulitazama, likaenda zake chini ya kabati.

Wakanikamata. Mmoja shingo, mmoja kifundo cha mkono.

“Msinivute,” nikawaambia. “Breki imevunjika. Nikiachia, wanaanguka.”

“Ulisema pia kwamba ulitia kufuli,” bosi mkubwa alinijibu.

Akakaza mkono. Kidole changu kimoja kikabanduka kwenye gurudumu, kikafuata cha pili. Gurudumu likasogea kidogo, na chini wakalia. Sasa Hivi alikuwa akipiga kelele huko huko ndani kwamba nitolewe, nitolewe sasa hivi, nitawaua wote.

“Subirini kwanza,” mlinzi alisema.

Hawakutaka kusubiri. Akajipenyeza kati yao na mimi kwa mwili wake wote, mzee wa watu, kofia ikamwanguka.

“Mkewe yumo humo ndani, na nduguye yumo humo ndani,” alisema. “Mkewe ndiye anayemjua mtu huyu kuliko sisi. Tumuulize yeye.”

Akapiga magoti kwenye tundu la kamba. Bosi mkubwa hakuniachia, lakini aliacha kuvuta.

“Mama,” mlinzi aliita, “mumeo anasema akiachia gurudumu mnaanguka. Hawa wanasema anadanganya, wanataka kumtoa. Uamuzi ni wako. Tumwache au tumtoe?”

Sasa Hivi akaanza kujibu. Mlinzi akamwambia anyamaze, hakuulizwa yeye.

Jasho lilikuwa linaniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta. Nilitaka kumwambia mke wangu kitu, chochote, nikakumbuka kwamba kila nilichofungua mdomo kumwambia tangu siku ile hakikusaidia. Nikafunga mdomo. Mikono ilikuwa imeanza kuteleza, na bosi alikuwa ameiona inateleza.

Chini kile kiti hakikugonga tena.

Kisha nikamsikia mke wangu akisafisha koo, kama anavyofanya kila anapotaka kusema neno ambalo akishalisema halirudishi.